Pua ya Mgeni, Chetezo cha Mwenyeji

Mgeni hukaribishwa kiti mbele ya meza iliyojengwa kwa ngazi kama jukwaa la wanakwaya, na kila ngazi imesheheni vichupa. Ni zaidi ya mia moja. Kila kichupa kina kibandiko chake: waridi, asumini, ndimu, mdalasini, msandali, miski. Wenyeji huiita meza hiyo kwa jina la kinanda kikubwa cha kanisani, kwa kuwa mchanganyaji huketi katikati akanyoosha mikono huku na huku kama apigaye muziki. Mgeni hupewa vijikaratasi vyembamba vya kunusia, chombo cha kioo chenye alama za mililita, na fomu ya kuandikia vipimo. Mwelekezi humwambia aanze na harufu nzito zinazokaa chini, afuatishe zile za kati, kisha amalizie na zile nyepesi zinazokimbia upesi. Baada ya saa mbili hivi mchanganyiko hutiwa chupani, mgeni akaulizwa jina atakalolipa pafyumu yake, jina likabandikwa na cheti kikatolewa. Hushauriwa asiitumie kwa muda wa wiki mbili hivi ili mchanganyiko ukomae. Fomu yake hubaki katika majalada ya nyumba ile. Chupa ikiisha, ataandika na kutaja nambari yake, na nyingine itachanganywa na watu wengine kwa niaba yake.

Hayo ndiyo yatendekayo katika mji wa Grasse, kusini mwa Ufaransa, chini ya kilomita 20 kutoka ufuo wa Cannes. Nyumba za Galimard, Molinard na Fragonard, ambazo hujitambulisha kuwa zilianza mwaka 1747, 1849 na 1926 kwa utaratibu huo, zote huwapokea wasafiri kwa mafunzo ya namna hii. Na msafiri arejeapo kwao, awe ni mtu wa Tokyo, London au Nairobi, huwa na sentensi moja anayomrudia kila anayemnusisha kifundo cha mkono wake: "Haya niliyatengeneza mwenyewe."

Kitenzi hicho ndicho kinachostahili kutazamwa kwa makini. Kiswahili si maskini katika uwanja huu. Mpishi wa pilau huunga, seremala hutengeneza, mtunzi hubuni, na muuza maji ya matunda huchanganya. Mgeni wa Grasse ametenda lipi kati ya hayo? Hakupanda wala hakuchuma. Hakukeneka mafuta, hakuyachuja, hakuyapima ubora. Isitoshe, vichupa vile mara nyingi huwa na harufu ambazo tayari zimekwisha kuunganishwa na wajuzi na kusawazishwa kwa namna ambayo ni muhali mgeni kukosea kabisa. Kibandiko husema 'waridi', lakini ndani yake mna waridi pamoja na vitu kadhaa vilivyotiwa ili waridi hilo lisigombane na jirani zake. Mfano wake ni kama mtu aliyepewa mishororo hamsini iliyokwisha kupimwa mizani na kutiwa vina, kisha akaambiwa achague minne. Ubeti ataupata, na huenda ukawa mzuri. Je, ni haki kumwita malenga?

Mtu asidhani kwamba hoja hii inakusudia kumbeza msafiri aliyelipa pesa zake. Kuchagua nako ni kazi. Hata mabingwa wenyewe, wale ambao Wafaransa huwaita 'pua', hawashiki jembe. Kazi yao ni kutunga. Wao hukaa miaka wakijifunza kuzikariri harufu mamia kwa mamia, hata wakawa wanaweza kuiandika pafyumu kwenye karatasi kabla hawajagusa kichupa, mithili ya mtunzi wa muziki anayeisikia sauti kichwani. Mgeni anayeionja kazi hiyo kwa saa mbili hutoka akiwa na heshima zaidi kwa wanaoifanya maisha yao yote, na hilo ni jambo jema. Anayeketi kwenye meza ile kwa mara ya kwanza hugundua kitu kingine pia, nacho ni kwamba hana maneno. Hunusa kijikaratasi, akajua kuwa harufu hii anaijua, akashindwa kuitaja. Ulimi humwishia kwenye 'nzuri', 'kali' na 'tamu'.

Tatizo liko katika kumbukumbu fupi ya ile sentensi ya kujivuna. Mwaka 2018 shirika la UNESCO liliuingiza ujuzi wa manukato wa eneo la Grasse katika orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika, na walioandaa maombi hayo walikuwa waangalifu. Walitaja stadi tatu: kilimo cha mimea yenye harufu, maarifa na usindikaji wa malighafi asilia, na sanaa ya kutunga manukato. Mgeni huuzwa kipande cha stadi ya tatu. Zile mbili za mwanzo ndizo zenye jasho, na hizo haziingii katika saa mbili.

Historia ya mji wenyewe inafundisha. Grasse ulikuwa mji wa watengenezaji ngozi. Kiwanda cha ngozi cha siku hizo kilinuka, kwani ngozi zililainishwa kwa vitu ambavyo adabu hairuhusu kuvitaja vyote hapa. Katika karne ya 16 fasheni ya kuvaa glavu za ngozi zilizotiwa harufu nzuri ilipoenea miongoni mwa matajiri, mafundi wa Grasse walianza kuzipaka glavu zao mafuta ya maua. Baadaye soko la ngozi lilififia na lile la harufu likabaki. Kumbe mji mkuu wa manukato duniani ulizaliwa na haja ya kuficha uvundo! Zilifuata karne za mashamba ya asumini na waridi, na wachumaji, wengi wao wanawake, walioamka alfajiri kwa kuwa ua la asumini lazima lichumwe kabla jua halijalichoma. Asumini iliyochumwa ilitandazwa kwenye fremu za kioo zilizopakwa mafuta ya mnyama. Mafuta yakanyonya harufu, maua yakaondolewa, mengine yakatandazwa, na kazi hiyo ikarudiwa siku hadi siku hata mafuta yakashiba.

Katika karne ya 20 mashamba hayo yalipungua sana. Ardhi iliyo karibu na fukwe za Cannes ina thamani kubwa zaidi ikijengwa nyumba kuliko ikipandwa asumini, na maua ya nchi nyingine yalipatikana kwa bei nafuu zaidi. Mwaka 1987 kampuni ya Chanel iliona ni heri iingie mkataba na familia moja ya wakulima huko Pégomas, jirani na Grasse, ili asumini ya pafyumu yake maarufu ya mwaka 1921 isije ikakosekana. Wenyeji walioomba kutambuliwa na UNESCO hawakuwa na upungufu wa wageni. Walichokiogopa ni kuwa na mji uliojaa meza za vichupa usio na shamba hata moja la ua.

Basi vilivyomo vichupani vinatoka wapi? Hapa ndipo msomaji wa Afrika Mashariki anapofaa kuisogelea meza ile. Kichupa cha langilangi, kwa mfano, yumkini kimetoka Komoro, visiwa vinavyoongoza duniani kwa zao hilo, na ambavyo lugha yake ni ndugu wa karibu wa Kiswahili. Huko Nzuwani maua ya manjano huchumwa asubuhi, yakatiwa katika mitungi ya shaba na kukenekwa kwa mvuke kwa muda wa saa 20 hivi. Mafuta yanayotoka saa za mwanzo ndiyo ghali kuliko yote. Yale yafuatayo hupewa madaraja, la kwanza, la pili na la tatu, kila daraja na bei yake. Kuni zinazoteketea chini ya mitungi hiyo zimechangia kuipara misitu ya visiwa hivyo. Hakuna kibandiko kwenye meza ya Grasse kinachosema habari za kuni.

Kichupa cha karafuu kinawakumbusha wasomaji Pemba. Cha ubani na cha manemane kinawakumbusha Wasomali pande zote za mpaka, pamoja na wafugaji wa Wajir, Mandera na Marsabit wanaokusanya utomvu wa miti huku wakichunga mifugo. Kichupa cha msandali kina kisa kirefu zaidi, na cha kusikitisha. Msandali mashuhuri ni ule wa Bara Hindi, lakini ulipoadimika, macho ya wafanyabiashara yaligeukia jamaa yake anayemea katika nyanda kame za Kenya, mti ambao wataalamu wa mimea huuita Osyris lanceolata. Mafuta ya mti huu yamo katika shina na katika mizizi, kwa hivyo mvunaji haramu haukati tu, huung'oa. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, na mwaka 2013 misandali ya Afrika Mashariki ikawekwa chini ya ulinzi wa mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Magogo hayakukoma kunaswa barabarani baada ya hapo. Kijana wa Samburu aliyelipwa shilingi chache kuung'oa mti na bibi wa mjini anayejipulizia tone la mafuta yake kamwe hawatakutana. Wa kwanza hajui mti unaenda kufanya nini, na wa pili hajui umetoka wapi.

Kwa hivyo, hata kabla mtu wa huku hajapanda ndege kwenda kuketi kwenye meza ile, harufu za kwao zimemtangulia. Zimekwenda bila jina la aliyezichuma, zikabandikwa jina la ua, na mwishowe zitabandikwa jina la mgeni.

Neno 'parfum' la Kifaransa lina asili ya Kilatini, na maana yake ya mwanzo ni 'kwa moshi'. Watu wa kale waliijua harufu nzuri kupitia kitu kinachochomwa. Sasa atafutwe mtu leo, katika karne hii ya vichupa vya kupuliza, ambaye bado anafanya hasa kile ambacho neno hilo lilikuwa likisema. Hatakosekana Lamu, wala Mombasa, wala Unguja. Ni mwanamke aliyeshika chetezo chenye kaa moja la moto, anayedondosha juu yake kipande cha udi, kisha akakifunika kwa tenga na kuitandaza nguo juu ya tenga ili moshi upande na kushika katika nyuzi. Lugha yake imelipa tendo hilo neno lake lenyewe, kufukiza, kutokana na fuka, lile lile la moshi unaofuka. Katika lugha za Ulaya ile maana ya moshi imezikwa ndani ya neno, na ni wanaisimu tu wanaoifukua. Katika Kiswahili mtoto huiona kwa macho.

Umbuji wa lugha katika uwanja huu hauishii hapo. Kitenzi nuka, katika matumizi ya kawaida, ni cha kitu kibaya. Kikiongezwa kiambishi cha kutendea na kuwa nukia, kitu kimekuwa kizuri. Kwingineko mnyambuliko wa kutendea huongeza mtendewa, mahali au chombo, lakini hapa umeligeuza neno zima kutoka karaha hadi furaha. Kutokana na mzizi huo huo tunapata nusa, nukiza na manukato. Upande wa karaha nao una utajiri wake: samaki ana shombo na vumba, kwapa lina kikwapa, kilichooza kina uvundo. Upande wa furaha lugha imekopa na kumiliki kutoka ng'ambo ya bahari: udi, ubani, uturi, miski, ambari, zabadi, kafuri, zafarani, halwaridi. 'Marashi' yenyewe yalikuwa hasa maji ya waridi yaliyorashiwa wageni kwa mrashi, na kwa kuwa pafyumu ya kisasa nayo hurashiwa, neno lilihama kwa urahisi na kuwa jina la kila kitu cha chupani. Uhamaji huo unafaa, ila umekuja na gharama. Mwanafunzi wa bara aliyejifunza Kiswahili darasani hujua 'marashi', pengine 'manukato', na orodha yake ikaishia hapo.

Na aulizwe mwanafunzi huyo tofauti ya tibu na dalia, au ya kikuba na shada. Ataikimbilia kamusi, na si kosa lake. Kamusi nazo, zifikapo kwenye maneno haya, mara nyingi hutosheka na fasili ya 'aina ya manukato', au 'aina ya mti wenye harufu nzuri', kana kwamba mtunzi wa kamusi alikuwa na mafua siku hiyo. Fasili ya 'aina ya' ni ungamo kwamba aliyeandika hakukinusa kitu chenyewe, au alikinusa asimuulize mwenye nacho. Dalia ni ya kupakwa. Liwa husagwa juu ya jiwe kwa maji. Kikuba hufungwa kwa asumini, mrehani, mkadi na majani mengine yenye riha, kikapachikwa nywelini au kifuani. Ni vitu vyenye mikono, mpangilio, saa ya kuvaliwa na sababu ya kuvaliwa. Mwanamke aliyejifukiza jioni anasema jambo ambalo aliyejirashia marashi asubuhi kwa ajili ya maulidi hasemi. Hayo yote ni semantiki, na yamo nje ya kamusi.

Linachekesha, na kuuma pia, kwamba mmoja kati ya watu waliojibidiisha sana kuyaandika maneno ya pwani alikuwa Mfaransa. Padri Charles Sacleux aliishi Unguja na Bagamoyo, akapenda mimea kama alivyopenda maneno, na kamusi yake ya Kiswahili kwa Kifaransa ilichapishwa Paris mwaka 1939 na 1941. Msomi wa Kenya anayetaka kujua baadhi ya maneno ya nyanyake huenda akalazimika kwanza kujifunza Kifaransa.

Suala la istilahi ni dogo kuliko linavyodhaniwa. Ikiwa siku moja kitabu cha utengenezaji wa manukato kitaandikwa kwa Kiswahili, atatokea mtu wa kupendekeza kwamba zile ngazi tatu za harufu zitafsiriwe kwa neno la muziki, 'noti', kwa kuwa ndivyo wafanyavyo Waingereza na Wafaransa. Hakuna haja. Mnunuzi wa udi katika maduka ya Mombasa hutaka kujua kama harufu inakaa. Harufu inayokaa ndiyo ya chini, inayopita ndiyo ya juu, na ya kati ndiyo moyo. Kitenzi 'kaa' kimefanya kazi ya istilahi muda mrefu kabla ya kamati yoyote kuketi, nacho hakihitaji kanuni za muziki.

Suala zito ni jingine: je, pwani ifungue meza zake? Wazo hilo halikosi watetezi. Ikiwa Grasse, ambao ulipoteza sehemu kubwa ya mashamba yake, huvuna kutokana na wageni wanaotaka kuchanganya harufu, mbona Lamu, iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, isiwe na vyumba ambamo mgeni hufundishwa kupika udi? Unguja tayari kuna ziara za viungo. Mgeni hupitishwa shambani, akavunjiwa jani la mdalasini, akanusishwa ua la langilangi, na mwishowe hurejea hotelini amevishwa kofia ya makuti. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wanaopinga nao husema kwamba udi ni jambo la chumbani. Hufundishwa mwari na somo wake, una adabu zake na wakati wake, na kuuanika mbele ya watalii wenye kamera ni kuuvua nguo.

Pande zote mbili zina haki, lakini za wapingaji zina kasoro moja kubwa. Wanazungumza kana kwamba chumba kingali kimejaa. Maharusi wengi wa leo hununua udi uliokwisha kufungwa katika makopo yenye picha za dhahabu, uliotoka Dubai au kwingineko katika Ghuba, na hakuna awezaye kuwalaumu. Ni rahisi, na unanukia. Hata hivyo, sukari haiyeyushwi tena nyumbani, vipande vya udi havigeuzwi kwenye sukari hiyo pamoja na unga wa msandali, miski na mafuta ya waridi. Binti hasimami karibu na jiko akaambiwa "subiri, bado". Kitu kisichotendwa hakikosi kupoteza maneno yake. Kama mgeni mwenye ada mkononi ndiye atakayemfanya fundi aendelee kuwasha jiko, basi mgeni na aje.

Lakini asije kwa masharti ya Grasse. Kule jina la chupani ni la mgeni. Nyumba ya manukato haidhuriki, kwa kuwa jina lake limeandikwa ukutani kwa herufi kubwa, limo katika vitabu na limo katika makumbusho ya manukato yaliyofunguliwa mjini humo mwaka 1989. Fundi wa Lamu hana ukuta. Chupa au kopo likitoka nyumbani kwake likiwa na jina la mgeni, hakuna pengine popote ambapo jina lake yeye limeandikwa. Kwa hivyo, kopo litoke na jina la fundi. Mgeni aandikiwe cheti akitaka, kisemacho kwamba alihudhuria, akasaga, akakoroga, akaungua kidole kidogo. Na ada isiishie kwa mwenye hoteli aliyempeleka mgeni kwa mashua. Fundi alipwe kama mwalimu alipwavyo, si kupewa bakshishi kama sehemu ya mandhari.

Kuna pingamizi moja zito zaidi, nalo linawagusa wanafunzi wa Kiswahili hasa. Kila mwaka vijana huenda uwandani pwani wakiwa na daftari na vinasa sauti. Tuseme mmoja wao ameketi na bibi apikaye udi, naye bibi kwa ukarimu wa watu wa pwani akamweleza kila kitu: hiki vijiko vingapi, kile matone mangapi, moto wa namna gani. Kijana anaandika tasnifu, tasnifu inawekwa maktabani, na kuanzia siku hiyo yeyote awezaye kusoma anaweza kufungua kiwanda. Asipoandika, bibi akifa amekwenda nayo yote. Afanye nini?

Wenye viwanda wa Ufaransa walikwisha kulijibu swali hili kwa njia yao. Mwezi Juni mwaka 2006 mahakama ya juu ya nchi hiyo iliamua kwamba harufu ya pafyumu ni matokeo ya ujuzi tu wa kazi, na kwamba haistahili kulindwa na hakimiliki kama wimbo au mchoro. Jambo la ajabu ni kwamba siku chache baadaye, mwezi huo huo, mahakama ya juu ya Uholanzi iliamua kinyume katika kesi ya aina hiyo. Nchini Ufaransa basi, msafiri aliyechanganya pafyumu 'yake' na kuipa jina la binti yake hana hakimiliki juu ya harufu ile. Na nyumba kubwa za manukato, zikijua kuwa sheria hiyo haizisaidii, zimeshikilia kinga ya zamani kabisa, yaani kunyamaza. Vipimo vyao hufungiwa.

Ikiwa matajiri wenye mawakili wamechagua kunyamaza, kwa nini bibi wa Lamu ndiye atakiwe kusema yote kwa ajili ya maendeleo ya taaluma? Kenya ilitunga sheria mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, inayotambua kwamba maarifa ya namna hii yana wenyewe na kwamba anayetaka kuyatumia lazima apate idhini yao. Ni sheria nzuri kwenye karatasi. Mwanafunzi anayeingia uwandani bila kuisoma huweza kuwadhuru watu kwa nia njema kabisa.

Njia ya kutokea ipo, nayo iko karibu na kazi ya Idara za Kiswahili kuliko kazi ya wenye viwanda. Maneno ni ya wote, vipimo ni vya mwenyewe. Mwanafunzi aulize kitu kinaitwaje, kinatofautianaje na mwenziwe, huvaliwa lini na nani, nani haruhusiwi kukivaa, na kitu kikiharibika huitwaje. Aulize kitenzi cha kila tendo: kusaga, kuponda, kukoroga, kuchuja, kufukiza, kurashia. Aandike jinsi fundi anavyosema udi umekubali au umekataa. Anuse, kisha aandike alichokinusa, na amsomee fundi ili asahihishwe. Hayo yakifanywa na wanafunzi kumi tu kwa miaka mitatu, fasili za 'aina ya manukato' zitakuwa aibu ya kihistoria, na hakuna kiwanda kitakachoweza kutengeneza chochote kutokana na orodha hiyo. Tasnifu ikichapwa, nakala moja irudi Lamu, na jina la fundi liwe ukurasani kama akipenda.

Fundi atakapofika mahali pa kupima, mwanafunzi na aweke kalamu chini, atazame kando, anywe kahawa yake. Vijiko vingapi na matone mangapi, atayasikia binti wa nyumba ile jioni, mlango ukishafungwa.